Kuogelea kunakushinda? Chanzo huenda hakipo unapodhani: mwongozo kwa wanaoanza triathloni Kigoma

Kigoma haina uhaba wa watu wenye miguu. Wapo wanaopanda kwenda Mwandiga na baiskeli yenye mzigo nyuma bila kushuka, wapo wanaokwenda Ujiji na kurudi kwa mbio kabla watu hawajanywa chai. Mtu wa namna hiyo akisikia habari za triathloni, kwamba unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia, yote kwa mfululizo, anaona mawili kati ya matatu tayari anayaweza. La tatu ni maji, na maji yapo tele. Anaingia ziwani. Baada ya mita ishirini anasimama, kifua kinapanda na kushuka, moyo unagonga kuliko alivyowahi kuusikia mlimani, na anajiambia kuwa kuogelea hakukuumbwa kwa ajili yake.

Nawafundisha watu wa aina hii, na ninaamini kabisa kwamba wanaweza kufika mahali pa kuyapenda maji. Shida ni kwamba majini dalili huonekana sehemu moja na chanzo kikawa kimekaa sehemu nyingine. Miguu huzama kwa sababu ya kichwa. Pumzi hukatika kwa sababu haikutolewa. Bega huuma kwa sababu ya mahali kiganja kinapoingilia. Mkimbiaji hajui hayo, kwa hiyo akikwama anaongeza nguvu, maana barabarani dawa yake siku zote imekuwa hiyo. Lakini maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na ukizidisha mwendo mara mbili ukinzani wake hupanda kama mara nne. Nguvu isiyo na umbo inaishia kwenye mapovu.

Tafuta dalili yako hapa chini na urekebishe kitu kimoja kwa siku. Ukirekebisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia.

Dalili zisizotatuliwa ufukweni

Maumivu ya kifua, kuzimia, kupumua kwa mluzi kusikoisha ukishatoka, au kukohoa povu lenye rangi ya damu: toka majini, nenda hospitali, usisubiri kesho. Mapafu yanaweza kujaa majimaji wakati wa kuogelea kwa nguvu, hata kwa mwanamichezo mwenye afya. Mwenye kifafa, pumu au tatizo la moyo aanzie kwa daktari.

Na usiingie peke yako. Mtu aliyesimama ufukweni akichezea simu hajakusindikiza. Awe na dumu tupu lililofungwa kifuniko na kamba ya kukurushia, na ajue ni kazi yake kukutazama.

Pumzi inakatika kabla ya mita 25

Hii ndiyo dalili inayofukuza watu wengi kuliko zote, nayo ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Mkimbiaji anadhani hana mazoezi ya kutosha. Mapafu yake hayana shida yoyote. Kinachomtesa ni kwamba anaizuia pumzi uso ukiwa majini, halafu anapogeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, ndani ya nusu sekunde. Hawezi. Anavuta kidogo juu ya hewa chafu iliyobaki kifuani, anazuia tena, na baada ya mara nne tano mwili unapiga kelele.

Kelele hiyo haitokani na kukosa oksijeni. Hamu ya kupumua huamshwa hasa na hewa ya ukaa inayolundikana katika damu, na kuzuia pumzi ndiko kunakoilundika. Hofu inayopanda kifuani ni matokeo ya hewa ambayo ungeweza kuitoa wakati wowote. Nikimweleza mtu jambo hili huwa naona uso unabadilika, kwa sababu kumbe si mwoga. Amebeba tu hewa ya zamani.

Tiba yake inaanzia mahali maji yanapofika kifuani. Shika magoti, zamisha uso, toa pumzi taratibu kwa pua na mdomo mpaka usikie mapovu yanapita masikioni. Inua uso, vuta kawaida bila kujaza kifua mpaka kipasuke, zama tena. Rudia mpaka ikuchoshe kwa kuzoeleka. Ukipenda, guna au imba kwa sauti ya chini ndani ya maji. Anayeguna hawezi kuzuia pumzi. Kisha fanya hivyo hivyo ukigeuza uso upande badala ya kuuinua. Hapo tu ndipo uongeze mikono.

Pumua kila baada ya mikono miwili, yaani kila mara mkono uleule unapotoka majini. Utasikia watu wakisema ni lazima upumue kila mikono mitatu. Kwa anayeanza nasema hapana. Mlimani hukatazwi kupumua, usijikataze majini. Kupumua pande zote mbili kuna faida yake, nitaifikia, lakini ni somo la baadaye.

Chanzo cha pili ni mwendo. Mtu anaanza mita ishirini na tano kwa kasi ambayo hata barabarani asingeanza nayo kilomita ya kwanza. Pima mita 25 kwenye mchanga, chomeka vijiti viwili, ogelea sambamba na ufukwe kutoka kijiti hadi kijiti, simama, pumzika mpaka unaweza kusema sentensi nzima bila kukata, rudi. Mara kumi za namna hiyo zina thamani kuliko mita 250 za kupigana, kwa sababu kila mara kati ya hizo kumi ulianza ukiwa mtulivu, na mwili unakariri kile unachoufanyisha mara nyingi.

Miguu inazama

Utaijua dalili hii kwa kuwa unajiona unapanda mlima: kichwa juu, miguu chini, na kila mkupuo unakuinua badala ya kukupeleka mbele.

Tazama kichwa kwanza. Watoto wengi wa mialoni, kwenye fukwe wanakoshushia samaki wavuvi, huogelea uso ukiwa juu ya maji, na kwa kuvuka kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine inatosha. Kwa mita 750 za triathloni fupi haitoshi. Boya lako ni mapafu, nayo yapo kifuani. Ukiinua kichwa, upande wa pili wa mwili unashuka. Tazama chini, mbele kidogo tu, maji yagawanyike utosini. Ukipumua geuza kichwa pamoja na bega, jicho moja libaki majini. Kichwa kinachosonga mbele hutengeneza kishimo kidogo cha maji pembeni ya mdomo, na hewa ipo pale pale.

Kisha tazama miguu yenyewe. Mkimbiaji ana kifundo cha mguu kigumu, na akipiga maji nyayo zake zinaelekea chini na kuzuia mwendo. Wengine wanapiga teke kwa goti kama wanaoendesha baiskeli, na hapo mapaja yote yanasukuma maji upande usiotakiwa. Teke litoke nyongani, goti lilegee, vidole vya miguu vielekee nyuma, na povu liwe dogo. Nyumbani piga magoti, kalia visigino huku migongo ya nyayo ikiwa imelala sakafuni, ukae hivyo dakika moja moja. Ukisikia maumivu ya goti acha.

Na usipige miguu sana. Misuli ya mapaja ni mikubwa na inakula oksijeni nyingi kwa faida ndogo ya mwendo. Katika triathloni bado utaihitaji kwenye baiskeli na kwenye mbio. Teke la kutosha kuweka mwili ulalie juu, basi.

Kuna wanaokuja kutoka Dar es Salaam au Tanga wakisema, "Kule nilikuwa naelea vizuri, huku nazama." Wanasema kweli. Maji ya bahari ni mazito kidogo kwa sababu ya chumvi na yanakubeba zaidi. Tanganyika ni maji yasiyo na chumvi ya kukusaidia. Umbo la mwili linatakiwa kuwa sahihi zaidi huku. Wala usitegemee lile vazi la mpira linaloelea ambalo unaliona kwenye picha za mashindano ya Ulaya. Kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, kwa wasio wa kulipwa haziliruhusu maji yanapopita nyuzi joto 22 kwa umbali wa hadi mita 1,500, na uso wa ziwa letu huwa kati ya 24 na 28 hivi. Jifunze kuelea kwa mwili wako mwenyewe.

Pumzi ipo, miguu ipo juu, lakini hauendi

Kabla ya kuulaumu mkono, tazama nguo. Bukta pana, fulana ya pamba, dera: vyote vinajaa maji na kuvuta nyuma. Nimeona mtu akipata mwendo mpya siku ileile kwa kubadilisha bukta tu. Kwa dada zetu wanaotaka kujisitiri, na kaka pia, si lazima kuchagua kati ya stara na kuogelea. Skintaiti ya nailoni na blauzi ya kubana yenye mikono mirefu, au vazi kamili la stara la kuogelea, havivuti maji. Kinachovuta ni upana wa nguo; urefu wake hauna neno.

Kama nguo si tatizo, hesabu mikono. Ogelea mita zako 25 ukihesabu kila kiganja kinapoingia. Halafu rudia ukijaribu kupunguza mikono miwili mitatu bila kuongeza nguvu: mkono uingie mbele ya bega, unyooke, usubiri kidogo huku mwili ukilalia ubavu, ndipo uvute. Wengi wanavuta maji kabla mkono haujanyooka, na wanavuta kwa kiganja peke yake. Inama kiwiko, kiganja na mkono wote hadi kiwikoni vielekee nyuma kwa pamoja, usukume mpaka kidole gumba kiguse paja.

Nameza maji

Mara nyingi umechelewa kugeuka: mkono umeshavuta na bega limeshaanza kurudi ndipo unatafuta hewa. Anza kugeuza kichwa mkono unapoanza kuvuta, urudishe uso kabla mkono wa juu haujapita mbele yako.

Ziwani kuna sababu nyingine. Ufukwe wetu unatazama magharibi. Ukiogelea kuelekea kaskazini, upande wa Kibirizi, ziwa liko kushoto na wimbi linakujia hukohuko. Pumua kulia, upande wa nchi kavu. Ukirudi kusini mambo yanageuka. Ndiyo maana nilisema kupumua pande zote mbili ni somo la baadaye lakini ni somo la lazima. Hapa, mtu wa upande mmoja anakunywa ziwa nusu ya safari.

Kigimbi kinabana

Hutokea kwa wakimbiaji sana, kwa kuwa wanakaza vidole vya miguu kwa nguvu baada ya kigimbi kuchoka barabarani. Msuli ukibana usipambane. Lala chali, shika boya au dumu, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini mpaka uachie. Kisha rudi taratibu bila teke. Jikinge kwa kutopanga mbio ndefu na kuogelea siku moja mwanzoni, kwa kunywa maji vya kutosha, na kwa kulegeza kifundo. Ninyi mnaokaza mguu mzima kama mbao, dawa yenu ni hiyo ya mwisho.

Miwani, masikio, pua

Miwani ikijaa ukungu, paka mate ndani, suuza kidogo, vaa, na usiifute tena kwa kidole. Ikivuja, angalia unywele uliopita chini ya mpira, au mkanda uliovutwa mno. Kukaza zaidi hukunja mpira na kuongeza uvujaji. Chagua miwani inayonata usoni kwa sekunde moja mbili bila mkanda.

Maji yakiingia puani, hutoi pumzi kwa pua. Sikio likijaa, inamisha kichwa, vuta ndewe, kausha kwa taulo; usichokonoe kwa kijiti. Sikio likiuma ukiligusa au likitoa uchafu, ni la daktari.

Bega au shingo inauma

Bega: kiganja kinavuka mstari wa katikati ya mwili mbele ya kichwa, au kinaingia kikitanguliza gumba. Kiingize mbele ya bega lake, vidole vikitangulia. Shingo: unainua kichwa mno kutafuta uelekeo. Macho tu yatoke, mdomo ubaki majini. Maumivu yasiyoisha baada ya siku kadhaa za kupumzika yapelekwe kwa mtaalamu.

Naogopa chini panapopotea

Maji ya Kigoma ni angavu. Katika ufukwe kama wa Jakobsen unaona mchanga, unaona mawe, unaona kivuli chako kikitembea chini yako, halafu mchanga unaisha ghafla na kubaki buluu tupu. Mwogeleaji mzuri tu anaweza kushtuka hapo, pumzi ikakata, miguu ikaanza kutafuta ardhi. Na kila mtu hapa amekua akisikia kuwa ziwa hili halina mwisho. Lina mwisho, ingawa uko mbali: takriban mita 1,470 penye kina kirefu zaidi, na duniani ni Baikal la Urusi peke yake linalolipita.

Sipuuzi hofu hii wala simwambii mtu ajikaze. Chanzo chake ni macho kuona kitu ambacho mwili haujapewa jibu lake. Jibu ni kuelea. Mtu ambaye hawezi kulala chali kwa utulivu dakika mbili, masikio ndani ya maji, mikono wazi, hajawa tayari kwenda panapopotea chini, hata kama anaogelea mita 200 kwa kasi. Anayeweza ana mahali pa kupumzikia popote alipo. Maji ya kina cha mita mbili na ya mita elfu moja yanakubeba sawasawa. Huogelei kwenye kina, unaogelea juu ya uso.

Fanya hivi. Ogelea sambamba na ufukwe pale unapoweza kusimama, mpaka iwe mazoea. Kisha sogea mpaka ule mstari ambapo mchanga unaisha, ubaki upande wa mchanga, ukitazama buluu kwa pembeni. Siku nyingine vuka mstari kwa mikono michache, lala chali, rudi. Mwenzako awe kwenye mtumbwi au kando yako. Funga kiunoni dumu tupu la lita tano la rangi ya njano, kwa kamba ya mita moja na fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Unaweza kulikumbatia ukichoka, na mwenye boti anakuona. Hili la mwisho si dogo, maana boti za injini za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini hupita karibu, hasa upande wa Kibirizi. Vaa na kofia ya rangi kali.

Ule msemo wa ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, ufaao kwa mambo mengine, hapa uuache. Ukivua nguo ukaona moyo au ziwa halijatulia, vaa urudi nyumbani. Kesho utakuja na hamu.

Nalenga mbele, najikuta pembeni

Mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine, au unageuka zaidi upande unaopumulia. Ziwani hakuna mstari chini wa kukunyoosha. Chagua alama kubwa nchi kavu: mwembe, paa, ukingo wa kilima. Inua macho kila mikono minane hivi, mara tu kabla ya kugeuka kupumua, ili iwe tendo moja.

Fikiria na jua. Asubuhi linachomoza nyuma ya vilima, kwa hiyo ukitoka unaona vizuri na ukirudi linakupiga usoni. Jioni ni kinyume. Chagua alama ya kurudia kabla hujaingia, tena iwe ndefu. Milima ya Kongo ni alama nzuri ya kwenda siku ya anga safi, lakini kiangazi moshi na vumbi huificha.

Tatizo ni ziwa, si wewe

Siku nyingine huna kosa. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini hutawala na mawimbi huwa makubwa. Masika yana radi, na radi ikisikika watu wote watoke majini. Kwa kawaida asubuhi mapema ni tulivu kuliko mchana. Kigoma jua linachelewa kwa saa zetu, kwa hiyo saa moja asubuhi ndiyo alfajiri yako. Hapo boti za dagaa zimesharudi, na wavuvi wapo mwaloni wakianika nyavu. Waulize. Wanajua upepo wa siku, na wanajua mamba na viboko wameonekana wapi. Midomo ya mito, Luiche na Malagarasi, si mahali pa mazoezi.

Kichocho kipo Tanganyika. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani, karibu na makazi. Chagua ufukwe wazi wenye mchanga au mawe unaopigwa na mawimbi, epuka matete, na epuka saa za katikati ya mchana ambapo vimelea hutoka kwa wingi. Hapo umepunguza hatari; haijaisha. Mweleze daktari kuwa unaogelea ziwani mara kwa mara, akupangie vipimo na praziquantel. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kuinywa kesho yake baada ya kuogelea hakusaidii sana. Hutolewa baada ya wiki kadhaa. Homa isiyoeleweka, muwasho au damu kwenye choo ni sababu ya kwenda kupima mapema.

Naweza, lakini sifurahii

Nauliza mazoezi yake yakoje, na jibu karibu siku zote ni lilelile: kila akiingia anapima. Mita ngapi, dakika ngapi, nimemzidi nani. Mtu akitahiniwa kila siku hawezi kupenda darasa.

Ingia mara tatu kwa wiki kwa muda mfupi, badala ya mara moja kwa mateso. Toka ungali na hamu. Na dakika kumi za mwisho zisiwe na hesabu yoyote. Nenda kwenye mawe, elea kifudifudi na miwani yako, utazame. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wapo wenye mistari, wapo wa njano, wapo wanaolinda watoto wao mdomoni. Watu wa nchi za mbali huwalipia fedha kuwaweka kwenye matangi ya kioo sebuleni. Wewe unawatazama bure, wakiwa kwao. Nimewaona wanafunzi waliokuja kwa ajili ya mashindano wakisahau kabisa saa mkononi, na pumzi yao, ambayo nilikuwa naihangaikia, ikajituliza yenyewe. Kutazama samaki kunahitaji kuelea, kutulia na kutoa pumzi polepole. Ni mazoezi yaleyale, ila sasa wana sababu ya kuyafanya.

Siku ya mashindano

Anza na umbali mfupi. Triathloni fupi iliyozoeleka ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na mbio kilomita 5. Ile ya Olimpiki, iliyoingia kwenye michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Ukiweza mita 1,000 kwa utulivu ziwani, pamoja na vituo vya kuelea, 750 hazitakutesa.

Pumzi ikikatika dakika ya kwanza katikati ya watu, chanzo ni msisimko na mwanzo wa kasi. Ingia majini mapema ulowe, ukaribishe pumzi, kisha simama pembeni au nyuma, waache wanaokimbilia nafasi watangulie. Kabla ya siku yenyewe, ogelea na wenzako wanne mkigusana makusudi, ili mguu wa mtu begani usiwe jambo geni. Ujue na haki zako: kanuni zinaruhusu mtindo wowote wa kuogelea, na zinaruhusu kushika boya au mtumbwi wa usalama upumzike, mradi usijisukume mbele kwa kuushika. Wengi wanatulia kwa kulijua hilo tu, wala hawalitumii.

Ukitoka majini dunia ikazunguka, ni kwa sababu mwili ulikuwa umelala na sasa umesimama ghafla. Mita hamsini za mwisho ongeza teke kidogo damu ichangamke miguuni. Usisimame maji yakiwa bado kiunoni. Ogelea mpaka vidole viguse mchanga mara mbili tatu, ndipo uinuke. Tembea hatua chache, kimbia. Ukifika kwenye baiskeli, kofia ngumu kwanza, mkanda ufungwe kidevuni, ndipo uitoe baiskeli mahali pake. Ukigeuza mpangilio huo waamuzi wanakuadhibu.